Kipini Haikurudishwa

Jiko la shule yetu limeegemea darasa la Gredi ya Tano. Ukuta ni mmoja, na dirisha la darasa, ambalo halina kioo wala mbao, limetazama pale ninapoweka sufuria. Kwa hiyo mimi, mpishi wa mahindi na kunde, nimekaa Gredi ya Tano miaka minne na bado sijafaulu. Nimesikia walimu watatu wakija na kuondoka, na kila mmoja alipotangaza kipindi cha Kiingereza, darasa lilizimika kama moto wa kuni mbichi. Waulize wote pamoja, wataitikia kama kwaya, "Yes, teacher." Muulize mmoja peke yake, atatazama vidole vya miguu yake kana kwamba jibu limeandikwa kwenye kucha.

Siwalaumu. Watoto wetu huja kila mmoja na lugha yake mgongoni. Huyu Mpokomo kama mimi, huyu Muorma, huyu Mgiriama, yule Msomali. Kiswahili chenyewe wanakutana nacho njiani, na hata hawajakizoea, wanaambiwa waruke wakashike Kiingereza. Mimi nilipokuwa msichana nilivishwa kibao shingoni kwa kosa la kumwomba mwenzangu kalamu kwa Kipokomo. Nilitembea nacho siku nzima. Nikajifunza jambo moja tu, kunyamaza, na nikalijua vizuri sana mpaka nilipotoka darasa la sita.

Mwalimu wa nne kuletwa Gredi ya Tano alikuwa Lavender, binti wa mwanangu Danson. Mimi namwita mke mwenzangu, maana marehemu babu yake alikuwa akisema huyu ndiye bibi harusi wake na mimi ni wa kupika tu. Bodi ya shule ilimwandika kwa mkataba wa mwaka mmoja. Alikuja na katoni ya sabuni imejaa michezo aliyoitengeneza kwa mikono yake: kadi za picha, dadu ya mbao, ubao wa nyoka na ngazi. Nilimwona kupitia dirisha langu nikajisemea, haya, leo watasema.

Hawakusema. Walicheza, tena kwa furaha. Waliweka ng'ombe juu ya ng'ombe, wakasema "cow," kisha wakachekana kwa Kipokomo na Kiorma. Anayeshinda alipiga kofi, anayeshindwa alikaa chini kimya.

"Bibi, wanacheza lakini hawasemi," Lavender aliniambia Jumamosi, tumekaa uani tunapepeta mchele. "Mwisho wa kipindi nina maneno kumi na mbili tu, na sita kati yake ni ng'ombe."

Uso wake ulikuwa umeanguka. Mimi mtu mzima, dawa yangu ya uso ulioanguka ni moja.

"Kitendawili," nikasema.

"Bibi, sina akili ya vitendawili leo."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Nyumba yangu mlango wake uko juu kwenye paa. Wageni huingia wagumu, hutoka laini."

Alifikiri. Akasema bafu. Akasema kanisa, akacheka mwenyewe. Akashindwa.

"Basi nipe mji," nikamwambia.

"Chukua Mombasa."

"Siitaki."

"Mombasa yote hiyo, Bibi!"

"Mombasa nimepewa tangu utotoni. Nina Mombasa arubaini na sina pa kulala hata moja. Mama yangu hakupokea mji ambao mtoaji hajaulalia. Nipe mji wako wewe, uniambie kuna nini huko, nani anakaa, wanakula nini. Ndipo nifunge safari."

Akanipa Wenje, alikokwenda kufanya mazoezi ya ualimu. Akanieleza chumba chake karibu na kivuko, mama mwenye nyumba aliyempikia ndizi kila siku mpaka akaziota, na punda aliyekuwa akiingiza kichwa dirishani kila asubuhi. Nikazipokea habari zote, nikakaa sawa.

"Nilikwenda Wenje," nikasema. "Nilimkuta yule punda, nikampa salamu zako. Akaniambia, 'Lavender? Yule mvivu wa kuamka? Mwambie amelishwa na bibi yake miaka yote hiyo na bado hajui sufuria.'"

Lavender alicheka, kisha ungo ukasimama mikononi mwake.

"Bibi, rudia. Nilikwenda. Nilimkuta. Akaniambia. Huo ndio wakati uliopita, ndio unaowaua watoto wangu. Na mimi niliyeshindwa, nimesema muda gani?"

"Sana. Ndizi peke yake umezieleza mpaka nimeshiba."

"Umeona? Kwenye kadi zangu, anayeshindwa hunyamaza. Hapa anayeshindwa ndiye anayesema zaidi kuliko wote."

Mimi nilikuwa sijaliona hilo maisha yangu yote, na nimecheza mchezo huo tangu sijaota meno ya ukubwani. Siku hiyo nilimtazama mjukuu wangu nikaona kweli wamempa cheti kwa haki.

Jumatatu akaanza. Kubisha hodi aliwaachia kwa Kiswahili, "Kitendawili!" na "Tega!" Aliwaambia mlango uwe wetu, lakini ndani ya nyumba Kiingereza. Kitendawili kwa Kiingereza, kukisia kwa Kiingereza, kutoa mji kwa Kiingereza, na safari ya kwenda mjini kurudi na jibu, Kiingereza pia. Siku mbili za kwanza walitoa Nairobi, Mombasa na London, bila maelezo, haraka haraka kama mtu anayetema mbegu.

Jumatano ndipo mambo yalipochemka. Mvulana mmoja, Tahir, baba yake ana duka la vifaa vya pikipiki Garsen, alishindwa akatoa Golbanti. Wewe! Watoto wa Golbanti wapo saba darasani, wakasimama wote saba.

"Golbanti unaitoa kama nani? Toa kwenu!"

"Babu yangu amezikwa Golbanti, wewe unaigawa kama peremende!"

Lavender akapiga ubao kwa kiganja. "In English!"

Midomo ikafungika pap. Nilidhani mchezo umekufa. Kisha msichana mmoja wa Golbanti, Priscilla, akaanza kuokota maneno moja moja, kama unavyookota kokoto kwenye mchele, akamwuliza Tahir, "Is it yours?"

Ni yako? Maneno matatu tu. Lakini yalikuwa yametoka kwenye moyo wenye hasira, na maneno ya hasira hayasahauliki. Kuanzia siku hiyo ikawa sheria: ukitoa mji, darasa zima linakuuliza, "Is it yours?" nawe uthibitishe. Nyumba yenu iko wapi? Jirani yako nani? Ulilala siku ngapi? Ulikula nini?

Waliposhindwa kuamua ugomvi, Lavender aliniita dirishani niwe hakimu. Kesi ya kwanza niliyopewa ilikuwa ya Dahabo. Huyu ni msichana wa Kiorma, ana miaka kumi na mitatu kati ya watoto wa miaka kumi, kwa sababu alianza shule amechelewa, ng'ombe wakimhitaji kuliko kalamu. Dahabo alitoa mji wao, wenzake wakaukataa. Mji gani huo unahama na ng'ombe wakati wa kiangazi? Leo uko hapa, mwezi ujao haupo.

Dahabo akasema kwa Kiingereza chake kifupi, kidevu juu, "My town walks."

Nikaelezwa kwa Kiswahili, nikakata shauri: mji unaotembea ni mji. Aliyepewa ndiye atafute viatu vya kuukimbilia. Darasa likapiga kelele ya furaha mpaka kunguru wakaruka kwenye paa la ofisi.

Na kelele hiyo ndiyo iliyomleta Mwalimu Gershom, mwalimu mkuu. Si mtu mbaya, Gershom. Ni mtu wa mstari. Hata viazi vya shule angeweza angevipanga kwa urefu.

"Mwalimu Lavender, hili ni darasa au ni mnada wa mbuzi?"

"Ni kipindi cha Kiingereza, Mwalimu."

"Nimesikia watu wakigombania Golbanti. Nimesikia mpishi akihukumu kesi." Akageuka dirishani. "Mama Danson, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Kunde zinaiva?"

"Zinajitahidi."

Hakucheka. Akamwambia Lavender, mbele yangu, sauti ya chini lakini nikasikia: "Alhamisi ya wiki ijayo afisa wa elimu anakuja kukagua. Atakaa Gredi ya Tano, ameichagua yeye mwenyewe. Akikuta watoto wanazungumza Kiingereza, vyema, endelea na michezo yako. Akikuta vurugu, siku hiyo hiyo katoni yako inaingia stoo, darasa analichukua mwenzako Mwalimu Dan, na wewe utamalizia mkataba na watoto wa chekechea. Nimesema mapema usije ukaniona nimekuonea."

Kisha kwangu: "Na wewe Mama, siku hiyo nakuomba sana, ubaki na sufuria. Mgeni asimwone mpishi akichungulia kipindi cha Kiingereza."

Nilisema sawa. Lakini niliporudi kwenye moto niliogopa, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya mjukuu wangu. Nilijua akipokonywa darasa hatarudia kujaribu kitu kipya tena. Atakuwa mwalimu wa "Yes, teacher" mpaka astaafu. Nimewaona wengi hivyo, wameingia na taa, wametoka na utambi.

Alhamisi ikafika. Afisa alikuwa Bwana Abdulhakim, mtu wa makamo, kofia nzuri ya kushonwa kwa mkono, na daftari kubwa jeusi. Alikaa kiti cha nyuma, Gershom kando yake, mikono imefungwa kifuani. Mimi nilikuwa kwenye moto kama nilivyoahidi. Kama kichwa changu kilikuwa kinafika dirishani, hilo ni la Mungu aliyeniumba mrefu. Mengine niliyasikia na mengine Lavender alinifasiria baadaye. Msidhani nimejifunza Kiingereza kwa mvuke wa kunde.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Watoto walimwona mgeni, wakarudia ugonjwa wao wa zamani. Priscilla alitega kitendawili kwa sauti ya mbu. Aliyejibu alijibu sawasawa, kwa hiyo hakuna aliyetoa mji, hakuna aliyesafiri. Cha pili hivyo hivyo. Afisa aliandika maneno mawili, akafunga kalamu. Gershom alitazama saa. Shingo ya Lavender ilikuwa imelowa jasho. Niliiona kutoka pale nje.

"Who is next?" Lavender akauliza, nani anafuata.

Dahabo akasimama. Lavender baadaye aliniambia alishtuka, maana Dahabo hakuwa kwenye orodha ya wale waliofanya mazoezi. Alikuwa na kikaratasi kimekunjwa mara nne.

"Kitendawili!"

"Tega!" darasa likaitikia, na hapo palikuwa na uhai kidogo.

Akasoma kwa Kiingereza, polepole, kila neno limesimama kwa miguu yake: "Kinalala mchana kutwa. Kinalala usiku kucha. Hakijapata usingizi hata siku moja. Kila siku kinaondoka, na bado kipo nyumbani."

Wakafikiri. Yule afisa, na mimi nikampenda kwa hilo, akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"River," akasema, akitabasamu.

Mto! Bila shaka mto. Hata mimi nililijua neno hilo, limeandikwa kwenye kila kibao cha serikali kutoka hapa mpaka Hola. Mto Tana umelala pale mchana na usiku, unaondoka kila siku, na haujawahi kutuacha. Niliona kitendawili kizuri sana. Lavender alianza kupiga makofi.

"No," Dahabo akasema.

Makofi yakasimama.

"Si river?" afisa akauliza.

"No. River ni kaunti."

Mungu wangu. Ndipo nilipofahamu. Mtoto huyu ameona "Tana River" kwenye vibao vyote, kwenye fulana za mpira, kwenye magari ya kaunti, akadhani Tana ni jina na River ni jina la baba yake. Mto wenyewe nyumbani kwao unaitwa kwa Kiorma, shuleni unaitwa mto, nani alimwambia ndio huo huo River?

Gershom alifumba macho. Afisa akasafisha koo. "Binti, una hakika?"

"I am sure," Dahabo akasema. "Kisia tena au toa mji."

Kumwambia afisa hivyo! Lakini ndiyo sheria, na watoto wakaikumbuka. Nikaona migongo ikinyooka, moja baada ya nyingine. Afisa akasema ni barabara. No. Akakisia kivuli. No. Akainua mikono.

"Nimeshindwa. Nakupa Nairobi."

Ah, hapo alikuwa amekanyaga siafu.

"IS IT YOURS?" sauti arubaini kwa mpigo mmoja. Kalamu ya afisa ilianguka.

"Well," akasema, "nimewahi kwenda..."

"Nyumba yako Nairobi iko wapi?" Priscilla, sauti ya mbu imeisha kabisa.

"Sina nyumba. Nililala hotelini. Semina ya siku mbili."

"Jirani yako alikuwa nani?"

"Simjui."

"Ulikula nini?"

"Chapati na... sikumbuki."

"It is not yours!" Tahir akasema, akigonga dawati. "Hukumbuki chakula! Toa mji wako!"

Yote haya Kiingereza, ndugu zangu, kibovu mahali na kizuri mahali, lakini kinatoka mbio kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Gershom alikuwa ameinuka nusu kuwatuliza. Afisa akamshika mkono, akamkalisha.

"Haya," akasema. "Nakupa Kipini. Nilizaliwa huko."

Wakamhoji. Akawaeleza nyumba ya mama yake, minazi, samaki wa kupaka, dada yake Hafidha anayeuza vitumbua mbele ya msikiti mpaka sasa, na pale ambapo maji yetu haya tunayoyanywa yanamalizia safari kwenye chumvi. Alieleza kwa raha, nikaona mtu mwenyewe anatoka ndani ya suti ya afisa. Darasa likakubali: Kipini ni yake, na sasa ni ya Dahabo.

Dahabo akavuta pumzi. "I went to Kipini," akaanza. Nilikwenda Kipini. Nilimwona Hafidha. Alinipa vitumbua vitatu. Nikamwuliza jibu. Akaniambia jibu ni hili.

Akakitazama kikaratasi.

"Pillow."

Sikulijua neno hilo, lakini nililiona likianguka kwenye uso wa Lavender kama jiwe kisimani. Kisha Tahir akapiga kelele, Kiswahili kikimtoka bila kuomba ruhusa:

"Pillow ni mto! Mto wa kulalia! Ametafuta mto kwenye kamusi akachukua wa sufi!"

Darasa likapasuka. Kulikuwa na watoto waliolala juu ya madawati kwa kicheko. Hata mimi, Mungu anisamehe, niliiuma leso. Mto, huu wa maji, na mto, huu wa kichwa: Kiswahili kimetupa neno moja, Kiingereza kikataka mawili. Gershom alikuwa ameinamisha kichwa kabisa. Lavender alisimama na chaki mkononi, na nilijua anachokiona: katoni inaingia stoo.

Afisa hakucheka. Akauliza, "Nani alikusaidia kutafuta neno hilo?"

"Nobody," Dahabo akasema. Hakuna. "Nilifungua kamusi mwenyewe."

"Basi mimi nilisema river na nilikuwa sahihi," afisa akasema kwa upole. "Nadhani nirudishiwe Kipini yangu."

Nilidhani mtoto atakaa chini. Mimi ningekaa, mimi wa kibao shingoni ningekaa na nisingeinuka tena mpaka leo. Dahabo alikitazama kikaratasi chake. Akasoma tena kimoyomoyo, midomo ikienda. Kisha kidevu kikapanda.

"No," akasema. "Pillow inalala mchana. Pillow inalala usiku. Pillow haipati usingizi. It is true."

Kicheko kikakatika. Watoto wakatazamana. Kumbe ni kweli.

"Lakini pillow haiondoki kila siku!" akasema Priscilla. "River inaondoka. Pillow inakaa."

"Inaondoka!" Tahir akaruka juu. "Ya kwetu inaondoka! Kila siku asubuhi inakwenda juani, na jioni inarudi!"

"Kwa nini inakwenda juani?" afisa akauliza.

Tahir akaona alikojiingiza, lakini alikuwa ameshachelewa. "Because my small brother," akasema, akimeza mate, "he makes rain on it." Mdogo wangu huinyeshea mvua.

Basi. Nilikaa chini kwenye gogo. Machozi yalinitoka. Huko ndani walikuwa wanabishana wote pamoja, pillow, river, river, pillow, arudishe, asirudishe, alitoa mwenyewe, alidanganywa, hakudanganywa, aliambiwa akisie tena. Ukiona watoto wanagombana kwa lugha, jua hawaiogopi tena.

"Nani huamua kwenu?" afisa akauliza kwa sauti kubwa.

Vidole arubaini vikaelekea dirishani.

Nilisimama, upawa mkononi, kilemba kimekaa upande. Gershom alinitazama kwa macho ya kuniomba nipotee. Lakini afisa aliinuka kwenye kiti chake, akaniamkia, "Shikamoo, mama," akahamia Kiswahili chao kile laini cha Kipini, akanieleza kesi yote kutoka mwanzo, bila kujipendelea. Nilimwona ni muungwana, na hilo likafanya hukumu yangu kuwa ngumu, kwa sababu ningependa kumpendeza. Kama ningempendeza, pengine darasa la mjukuu wangu lingepona. Nililifikiria hilo, sitawaficha. Kisha nikamwona Dahabo na kile kikaratasi.

"Bwana," nikasema, "kitendawili kikizaa pacha, watoto wote ni wa mama mmoja, yule aliyekitega. River umelijua, hongera. Lakini uliambiwa sivyo, ukaliacha. Hukumwuliza kwa nini, hukubishana, ukatoa mji kwa mkono wako. Kipini ni ya Dahabo. Hairudi."

Darasa likamgeukia afisa. Akavua kofia, akajikuna paji la uso, akaivaa tena.

"Nimeshindwa kesi," akasema. Akamgeukia Gershom. "Mwalimu, mwezi huu nimeingia madarasa kumi na moja. Nimeamkiwa 'Good morning, sir' mara kumi na moja, kisha kimya. Leo ndiyo mara ya kwanza mtoto ananibishia kwa Kiingereza mpaka ananinyang'anya kwetu. Huyu mwalimu amesomea wapi mbinu hii?"

Gershom alitazama dirishani. Kisha, na hapa ndipo nilipomheshimu, akasema ukweli. "Kwa mpishi wetu, bwana."

Afisa akaokota kalamu yake sakafuni akaandika. Ukurasa wa kwanza ukajaa, akafunua wa pili. Alipoaga, alimwomba Lavender aende Tarasaa likizo ijayo akawaonyeshe walimu wenzake mchezo wa kutoa mji. Lavender alijibu ndiyo, sir, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

Mahindi na kunde siku hiyo viliungua. Ukoko wa chini ulikuwa mweusi kama kaa la mawe. Gershom alikuja na sahani yake, jambo ambalo huwa hafanyi, akasimama kwenye foleni nyuma ya watoto.

"Mama Danson, chakula kimeungua."

"Kimeungua, Mwalimu. Niliitwa mahakamani."

Alijaribu kujizuia, pua ikamsaliti. "Gredi ya Tano inabaki kwa Lavender," akasema. "Na Gredi ya Nne vilevile atawachukua siku mbili kwa wiki. Nimeshabadilisha ratiba ukutani." Akala ukoko wake bila kulalamika.

Lavender hakuja kula. Alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa, chaki kwenye nywele, akiwatazama watoto wake wakipiga foleni kana kwamba ndiyo kwanza anawaona. Nilitaka kumwambia maneno mengi. Mwisho nilimpelekea maji ya kunywa, nikamfuta ile chaki kwa pindo la leso yangu, na mbele ya walimu wote nikamwita Mwalimu.

Saa ya kwenda nyumbani, Dahabo aligonga ofisini. Nilikuwa nafagia nje, nikasikia. Aliomba kamusi. Ile kamusi huwa haitoki kabatini isipokuwa kwa saini tatu. Nikasikia funguo zikilia, kabati likifunguka, na Gershom akisema, "Iangalie isilowe maji. Na usiishie kwenye maana ya kwanza. Soma mpaka mwisho wa mstari."

Akatoka getini na kamusi kichwani, mkono mmoja umeishikilia kama ndoo ya maji. Nyuma yake walikuwa darasa karibu zima, wa Golbanti, wa mjini, wa kwao Dahabo, wakimvuta sketi asimame afungue. Walikuwa wamegundua hazina. Kila mmoja alitaka neno lake lenye maana mbili.

"Tafuta paa!"

"Kwanza kaa! Kaa ina tatu!"

"Panda! Dahabo, angalia panda!"

Niliegemea ufagio nikawasikiliza mpaka walipokata kona ya barabara ya Garsen, na bado wanabishana.